SAFARI YA MELI AU YA NCHI KAVU, KABLA NA BAADA YA KUSTAAFU

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, muuguzi mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Mwanza, Septemba 2025. Yamechapwa kama alivyoyasema, ila salamu za mwanzo zimefupishwa.)

 

 Mwaka 2015 tulianza wanawake kumi na wanne, daftari moja, na sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake zilikuwa zikipotea kila wiki. Leo tuko thelathini, na sanduku ni lile lile. Tujipigie makofi. (Makofi.)

Kamati ilipokuja nyumbani kunieleza kwamba nitatoa mada, nilidhani wanataka niseme habari za shinikizo la damu kama kawaida yangu. (Kicheko.) Wakasema hapana mama, mara hii tunaomba uzungumzie safari, maana mfuko wa safari unataka kutugombanisha. Nami nikakubali, kwa sababu jambo hilo ninalo moyoni siku nyingi.

Wageni wetu hawalijui, kwa hiyo nieleze kidogo. Tangu Septemba 2022 kila mwanachama anaweka shilingi 2,000 kwa wiki katika mfuko wa safari, mbali na hisa zake na mbali na mfuko wa jamii. Ni elfu sitini kwa wiki. Miaka mitatu ni wiki 156, na Mweka Hazina amehesabu mbele yetu shilingi 9,360,000. Hakuna aliyekopeshwa, hakuna aliyegusa. Sasa fedha ipo, na akina mama wamegawanyika. Wapo wanaosema twendeni mbugani kwa gari kama tulivyofanya mara ya kwanza. Wapo wanaosema hapana, mbuga tumeshaiona, sasa tunataka meli, tena ile meli kubwa ya kitalii yenye ghorofa, ambayo mwenzetu mmoja aliipanda Durban akatuletea picha. Na hao wa meli wanasema fedha haitoshi, basi tuendelee kuweka mpaka wote tustaafu, halafu twende kwa raha bila kuomba ruhusa kwa mwajiri.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonisimamisha hapa. "Mpaka wote tustaafu." Mdogo wetu kuliko wote ana miaka 41. Ni mwalimu, na mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, ingawa kwa hiari anaweza kuondoka kuanzia 55. Tukimsubiri mpaka sitini ni miaka kumi na tisa. Mimi ndiye mkubwa wenu, nina miaka 67. Fanyeni hesabu. Nitapanda hiyo meli nikiwa na miaka 86, kama si kupandishwa kwenye machela. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini naomba niwasimulie habari ya marehemu mzee wangu, wengi wenu mlimfahamu.

Mzee alikuwa mwalimu wa jiografia. Kulikuwa na meli moja aliyokuwa akiipenda bila kuiona, Liemba ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi, na akija nyumbani ananifundisha mimi, kwamba meli ile Wajerumani waliiunda mwaka 1913 mjini Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye maelfu ya masanduku mpaka Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi tena ikiwa na jina jipya la Liemba. Kitu alichokipenda zaidi ni hiki: karakana ile ile ya Papenburg, Meyer Werft, ndiyo baadaye ikaja kuwa miongoni mwa karakana zinazounda meli kubwa za kitalii za dunia. Basi akawa ananiambia, mama, wenzetu wanapanda mjukuu, sisi tuna babu yake hapa hapa, tukistaafu twende Kigoma tukampande.

Tukistaafu. Nilikuwa na likizo ya siku 28 kila mwaka, na yeye alikuwa na mwezi wa sita na wa kumi na mbili shule zikifungwa. Kila baada ya miaka miwili serikali ilitupa nauli ya likizo. Sasa niulizeni, nauli ile tuliifanyia nini? Tulikwenda kwao, tukaenda kwetu. Mwaka huu msiba, mwaka ule kuezeka nyumba ya mama mkwe, mwaka mwingine posa. Unakwenda likizo na mfuko wa sukari, sabuni, khanga za shangazi, na unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka, na huku una deni. Sisemi kwenda nyumbani ni vibaya. Nasema hiyo haikuwa mapumziko, na sisi wote hapa tuliiita likizo. Wanawake wa rika langu tumefanya kazi miaka thelathini na kitu bila kulala usiku mmoja mahali ambapo hakuna anayetusubiri tumpikie.

Mzee alistaafu 2014. Mkupuo wake ulipotoka, tena ulichelewa kwa sababu kuna karatasi ilipotea katika ofisi moja, tulimalizia nyumba na kumlipia kijana wa mwisho ada ya chuo. Vyote ni vya maana. Akasema Kigoma tutakwenda mwakani. Mwakani, 2015, akapata kiharusi upande wa kulia. Novemba 2016 tukamzika. Liemba hakuiona. Atilasi yake ya shule ninayo mpaka leo, na pale penye Kigoma ameweka duara kwa kalamu nyekundu.

Basi. Tuendelee.

Juni 2017 mimi nilikuwa bado kazini, nina miaka 59, na kikundi kikafanya safari ya kwanza, Serengeti. Nikachukua likizo, na ile ilikuwa ndiyo likizo yangu ya kwanza ambayo sikwenda kwa ndugu. Wanachama wapya hamkuwepo, kwa hiyo niwaeleze faida na hasara zake, maana watu wanasema "mbugani" kama vile ni kwenda sokoni.

Kwanza uzuri wake. Kwa sisi wa Mwanza Serengeti si mbali. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya kwenda Musoma, kilometa kama 140 tu. Tulikodi Coaster, tukaondoka saa kumi alfajiri, jua lilipochomoza tuko langoni. Kiingilio cha Mtanzania ni maelfu machache ya shilingi wakati mgeni wa nje analipa kwa dola. Chakula tulibeba wenyewe. Na mwezi wa sita ndio nyumbu wanapopita upande huu wa magharibi kuelekea mto Grumeti, kwa hiyo tuliwakuta wamejaa mpaka dereva akazima gari akangoja wapite. Jamani, nimeishi kilometa mia na hamsini kutoka kwa wanyama wale tangu nimekuja Mwanza, na niliwaona nikiwa na miaka 59!

Sasa ugumu wake. Sare yetu, mnakumbuka, ilikuwa kitenge cha bluu. Kumbe mbung'o anapenda rangi ya bluu na nyeusi, hata mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na upande ule wa magharibi ndio kwao. Tuliumwa mpaka Mwenyekiti akasema sare ivuliwe. (Kicheko.) Jambo la pili ni mtikisiko. Barabara ya vumbi saa tisa kutwa, magoti na kiuno vinajua. Jambo la tatu ni choo. Mbugani hushuki popote unapotaka, na mwanamke aliyezaa mara sita na kupita umri fulani hawezi kungoja saa tatu. Tulikuwa na akina mama waliokataa kunywa maji kutwa nzima kwa hofu hiyo, na jioni wawili walikuwa na kizunguzungu. Mimi muuguzi nikawa nimerudi kazini. Naomba mtakaokwenda safari yoyote ya gari msifanye hivyo. Kunyweni maji, na mpangeni na dereva mapema vituo viko wapi.

Kwa hiyo neno langu juu ya safari ngumu ya nchi kavu ni hili: iende kabla. Mwenye umri wa miaka 40 au 50 na magoti yake asiiweke akiba mbuga mpaka astaafu. Kreta ya Ngorongoro unateremka kwa gari zaidi ya mita 500 kwenda chini, na unapanda tena, na pale juu ukingoni kuna baridi ya kukunja vidole. Hiyo si ya bibi mwenye baridi yabisi. Tena ukiwa bado una mshahara, ukirudi umetumia laki mbili, mwisho wa mwezi maisha yanaendelea. Mstaafu akitumia laki mbili, laki mbili imekwenda.

Sasa nije kwenye maji.

Wengine mnanijua, kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa kwanza kukataa meli. Sababu haikuwa kichefuchefu. Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama, mimi nilikuwa zamu. Sitasimulia. Walioko hapa wenye umri wangu kila mmoja ana jina lake la mtu aliyemo katika makaburi ya Igoma. Tangu siku ile sikupanda chombo cha majini, hata kivuko cha Kigongo nilikuwa nikipita nimefumba macho. Na Septemba 2018 ikaja MV Nyerere pale Ukara, kivuko cha watu 101 kilichokuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya hao. Kwa hiyo mtu akisema anaogopa meli, asichekwe. Hofu yake ina tarehe.

Mwaka 2021 kijana wa dada yangu alioa Bukoba. Meli ya zamani, Victoria, ilikuwa imekarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Watoto wakanikatia tiketi ya daraja la kulala bila kuniuliza. Nilipanda nikiwa nimeshika mkono wa binti yangu kama mtoto anayepelekwa sindano. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta jaketi okozi liko wapi, nikalivaa, nikakaa nalo kitandani. Binti yangu akaniambia mama, hata meli haijang'oa nanga. (Kicheko.) Nikamwambia wewe lala.

Usiku wa kwenda sikulala. Usiku wa kurudi nililala. Na alfajiri nikaamka mwenyewe, nikatoka nje, nikasimama pale kwenye reli mpaka tunapita upande wa Bwiru. Palikuwa na watu wazima wengine wamesimama, hakuna aliyesema neno. Ziwa lilikuwa limetulia kama chai iliyomiminwa. Miaka ishirini na mitano nilikuwa nimejinyima kitu kile.

Na hapo nikagundua jambo ambalo muuguzi alipaswa kulijua zamani. Safari ile mwili wangu haukuuma. Nililala kitanda kilichonyooka, choo kiko hatua kumi, nikitaka kunyoosha miguu natembea, nikichoka nakaa. Mzigo nilifungua mara moja tu. Ukienda kwa basi mpaka Bukoba unakaa kiti kimoja kutwa, na miguu inavimba. Kwa hiyo kwa mtu aliyestaafu, mwenye presha, mwenye magoti, maji ni mapole kuliko barabara. Sikutegemea hata siku moja kwamba nitasema maneno hayo hadharani.

Hiyo ni meli ya ziwani, ya abiria na ndizi. Sasa ile ya Durban.

Mwenzetu aliyeipanda amekaa pale mbele na anacheka, amenipa ruhusa niseme. Mwanawe anafanya kazi Afrika Kusini, na Januari 2024 alimlipia. Meli hizo hufanya msimu wa pwani ile wakati wa kiangazi chao, tangu karibu Novemba mpaka miezi ya Machi na Aprili, zinatoka Durban zinakwenda visiwa vya Msumbiji na kurudi. Anasema ni hoteli inayoelea. Chakula asubuhi, mchana, usiku, na katikati. Lifti zipo, daktari yupo, muziki kila ghorofa. Kabla ya safari abiria wote hufundishwa zoezi la kujiokoa, kila mtu anaonyeshwa mahali pake pa kukusanyika. Sheria hiyo ilikazwa baada ya ajali ya Costa Concordia kule Italia, Januari 2012, iliyoua watu 32. Hilo mimi nimelipenda sana. Laiti vyombo vyetu vyote vingekuwa na dakika kumi hizo.

Lakini nilipomkalisha chini kwa kalamu na karatasi, mambo mengine yakatoka. Ile bei inayotangazwa ni ya kitanda katika chumba cha wawili. Ukienda peke yako, chumba unakilipia karibu kama mko wawili, na hilo linatuhusu sisi wajane. Chumba cha bei ndogo ni cha ndani, hakina dirisha. Chakula kimo, lakini soda na vinywaji vingi havimo. Kuna bahshishi inayokatwa kwa kila siku na kila kichwa, upende usipende. Kuna matembezi ya nchi kavu, yanalipiwa mbali. Daktari yupo, naam, lakini anatoza, na kadi yetu ya bima ya afya ya hapa nyumbani haitambui, kwa hiyo lazima ununue bima ya safari, na bima hiyo inapanda bei kadri umri unavyopanda. Fedha yote wanataka uwe umemaliza majuma mengi kabla ya kuondoka, na ukiahirisha karibu na tarehe hurudishiwi. Hebu fikirini kikundi chetu, ambapo kila safari wawili watatu hupata msiba wiki ya mwisho.

Na kufika huko Durban kwenyewe: ndege kutoka Mwanza, kubadili Dar es Salaam, kubadili tena Johannesburg. Bahati nzuri Mtanzania haombi viza ya kutembelea Afrika Kusini wala Msumbiji. Lakini pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000. Sasa rudini kwenye mfuko wetu. Shilingi 9,360,000 kwa watu thelathini ni 312,000 kila mmoja. Pasi peke yake imekula karibu nusu, na hujaona maji.

Halafu nikamuuliza, mama, mlipofika kisiwani mliona nini? Akanyamaza kidogo. Akasema hatukushuka, mawimbi yalikuwa makubwa, vile vimashua vya kushushia watu vikashindwa, nahodha akatangaza tunaendelea. Fedha ya nauli hairudi kwa sababu hiyo. Akasema lakini mama, nilipumzika, siku nne sikuosha kijiko. (Makofi, vigelegele.)

Nimewasikia. Hayo makofi yana maana, na mimi siyapuuzi. Mwanamke kukaa siku nne bila kuosha kijiko ni jambo kubwa. Ndiyo maana sisemi meli ya kitalii ni ya wazungu au ni anasa isiyotuhusu. Aliyejaliwa mtoto mwenye uwezo aende, na asirudi kutuomba radhi. Ninachosema ni kwamba kwa kikundi, na kwa fedha ya kikundi, meli ile ni ndoto ya kufanyiwa akiba tangu leo na mtu mmoja mmoja anayeitaka, katika daftari lake, akiwa bado ana mshahara.

Hapo nataka nikae kidogo, maana wapo wanne hapa wanaostaafu kati ya sasa na 2027, na nimesikia mmoja anasema yeye hana shida, mkupuo ukitoka anakwenda Durban. Mdogo wangu, nakuomba kwa heshima. Mkupuo unaonekana mkubwa kwa sababu unakuja siku moja. Mimi nilistaafu 2018, na wiki ile ile nilipata ndugu ambao sikujua kwamba nilizaliwa nao. (Kicheko.) Kuna aliyetaka mtaji wa bodaboda, kuna aliyetaka tushirikiane kufuga kuku. Ukishatoa pale safari ya mamilioni, pensheni ya kila mwezi ndiyo itakayobaki, na pensheni haijui kwamba ulikuwa na siku nne nzuri. Safari ya baada ya kustaafu ilipiwe na fedha ya kabla ya kustaafu. Na mkopo wa kikundi pia msiutumie kwa safari. Mimi nilifanya hivyo 2017. Nilikopa hapa hapa shilingi 400,000 kwa ajili ya Serengeti, nikanunua na viatu vya safari ambavyo mbugani sikushuka navyo, nikailipa na riba yake miezi sita. Nyumbu walishafika Kenya na kurudi, mimi bado nawalipia.

Mtu ataniuliza, sasa mstaafu ana faida gani? Anayo moja kubwa, tarehe. Mwenzetu mwalimu ni mtumwa wa Juni na Desemba, wakati ambapo kila mtu anasafiri na kila kitu kimepanda. Mstaafu anaweza kuondoka Jumanne ya mwezi wa pili vyumba vikiwa vitupu, na akiumwa njiani analala siku mbili zaidi, hakuna wa kumwandikia barua. Faida hiyo itumieni mkishafika huko, ila msiisubiri.

Nimefikiri sana kabla ya kuleta pendekezo langu, na Katibu ameniambia linaweza kupigiwa kura leo hii baada ya chakula. Ni hili. Desemba hii tuende Bukoba, wote thelathini. Kwenda tupande meli itakayokuwa kwenye ratiba, usiku, daraja la kulala kwa wenye magoti na la kukaa kwa wenye nguvu zao. Kurudi tupande basi, ili tupite juu ya lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni mwaka huu, kilometa kama tatu juu ya ziwa, mahali ambapo nyinyi nyote mmewahi kungoja kivuko saa mbili na watoto wanalia. Kwa hiyo anayetaka meli ameipata, anayetaka nchi kavu ameipata. Desemba walimu wana likizo, na ni msimu wa senene, wenye biashara mtarudi na mzigo. Siku mbili pale mjini, tulale nyumba ya wageni na tule kwa mama ntilie. Mtu yeyote asibebe sufuria. Narudia kwa herufi kubwa ili Katibu aandike: SUFURIA ISIBEBWE.

Wenye hofu na maji, kaeni karibu na mimi. Nitakuwa na jaketi langu. Asiyeweza kabisa, na wapo wawili ambao sababu yao naijua na siwezi kuwashurutisha, waende na basi na kurudi na basi, tuwakute Bukoba, na asiwepo wa kuwauliza kitu.

Mfuko ukibaki na kitu, nao najua utabaki, usigawanywe. Uanze kuhesabiwa upya kwa safari ya Kigoma. Liemba imekaa miaka kadhaa bila kufanya safari ikingoja matengenezo, lakini meli ile imeshazamishwa na kuibuliwa, mimi sina wasiwasi nayo. Siku ikiwa tayari, hata kama ni wanne tu mtakaotaka, mimi ni wa tano, na atilasi ya mzee nitaibeba.

Daftari la kuandikisha majina liko kwa Mweka Hazina pale mlangoni. Mimi nimeshaandika, niko namba moja, na pembeni nimeweka maelezo kwamba naomba kitanda cha chini. 

(Makofi, vigelegele.)